Nakwenda Japani kumwona mwanangu: ninunue pasi ya treni au nisinunue?

Assalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, naishi Wete, Pemba. Mwanangu wa pili anasoma chuo kikuu Hiroshima, Japani, kwa udhamini, na huu ni mwaka wa tatu simwoni ila kwenye simu. Msimu uliopita karafuu zilizaa vizuri, na zamu yangu ya upatu ikaangukia mwezi huo huo. Nikasema basi, riziki hii Mungu kaileta na kazi yake. Nakwenda kumwona mwanangu, na mdogo wangu wa kike aliyeko Unguja nitafuatana naye.

Tumepanga siku 16. Tutashuka Tokyo tulale siku tatu, kwani mdogo wangu hataki kufika Japani asiione Tokyo. Kisha twende Hiroshima kwa treni, tukae na mwanangu. Katikati hapo twende Kobe na kurudi, maana nimesikia kuna msikiti wa zamani na natamani kuswali ndani yake. Mwisho turudi Tokyo kupanda ndege. Tiketi za ndege tumewekewa nafasi lakini bado hatujalipa.

Mzozo uko kwenye treni. Mtoto wa dada yetu mkubwa anatembeza watalii Mji Mkongwe, na wageni wake wengi wameshafika Japani. Yeye ameshikilia: "Mama mdogo, nunueni pasi ya watalii mkiwa huku huku, mkishafika hampati tena. Siku saba mnapanda treni yoyote bila kuhesabu." Bei kaniambia ni yen 50,000 kila mtu. Nilipoigeuza kuwa shilingi ilibidi nikae kitako. Baba watoto hataki hata kusikia: treni unapanda, unalipa, unashuka, ya nini kulipia safari ambayo hujaenda? Mdogo wangu yuko upande wa pasi, anaogopa kusimama mbele ya mashine ya tiketi yenye maandishi ya Kijapani huku watu wamejipanga nyuma yake. Na mwanangu kila nikimuuliza jibu lake ni moja: "Mama, wewe njoo tu."

Mimi mwenyewe nimeelekea kununua, tena nimnunulie na mwanangu, ili aje kutupokea Tokyo na tupande pamoja toka siku ya kwanza. Lakini fedha ndizo hizo, zikiisha hakuna nyengine mpaka msimu. Nisaidie kuhesabu.

Mama wa Wete

*

Waalaikumu salaam, mwalimu wangu. Miaka mitatu ni mingi kwa mzazi, na nimefurahi kwamba karafuu zimekupeleka kwa mwanao.

Nakupa jibu kwanza, hesabu ifuate. Kwa safari uliyoniandikia, msinunue pasi hiyo. Na mwanao usimnunulie kabisa, kwa sababu hata ukilipa, yeye hataruhusiwa kuitumia.

Nianze na hilo la mwanao, maana naona ndilo lililokuvuta. Pasi hii, Japan Rail Pass, imetengwa kwa mgeni anayeingia Japani kwa ziara fupi, na ushahidi wake ni kibandiko anachowekewa kwenye paspoti na ofisa wa uhamiaji uwanjani. Mwanafunzi ana kibali cha ukaazi. Akienda dirishani na paspoti ya Tanzania sawa na yako, ataulizwa ameingia kwa hadhi gani, na jibu lake litamtoa. Sisi tumezoea kinyume chake: kwenye boti za kwenda Dar mkaazi hulipa bei nafuu, na mgeni hulipa bei ya juu. Kule kwenye pasi ni mgeni anayepewa, mkaazi hapati. Kwa hiyo ule mpango wa nyote watatu kuwa na pasi mkononi, utoe moyoni mapema, usije ukalipa kisha ukahangaika kudai fedha.

Sasa nije kwa kijana wa Mji Mkongwe. Hakudanganyi, na wageni wake hawakumdanganya. Ila habari zake ni za zamani. Mpaka Septemba 2023 pasi ya siku saba iliuzwa yen 29,650. Kwa bei ile, mtu akienda Kyoto kutoka Tokyo na kurudi, alikuwa karibu ameirudisha fedha yake yote, na safari nyengine zote ndani ya wiki ile zikawa za bure. Ndiyo maana watu wote waliokwenda miaka hiyo wanaisifu. Oktoba 2023 ikapanda ghafla hadi yen 50,000. Ya siku 14 ikawa 80,000, na ya siku 21 ikawa 100,000. Nauli za kawaida hazikupanda hivyo. Kwa hiyo sifa zimebaki zile zile lakini hesabu imegeuka. Mtu yeyote anayekuambia "nunua tu", muulize alikwenda mwaka gani.

Na hili la kuwa mkishafika hampati tena, nalo lilikuwa kweli zamani, ilipokuwa ikiuzwa nje ya Japani tu. Siku hizi inauzwa pia kwenye tovuti rasmi ya makampuni ya JR, yaani ya reli ya Japani, na unaweza kuinunua ukiwa umeshafika. Sasa hakuna wa kukuharakisheni.

Hebu tuhesabu. Nauli ya Shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi, kutoka Tokyo hadi Hiroshima, kwa kiti cha nambari kilichowekwa mapema, ni karibu yen 19,000 kwenda tu. Hiroshima hadi Kobe ni karibu yen 10,000. Safari yenu basi ni hii: Tokyo hadi Hiroshima 19,000, Kobe kwenda na kurudi 20,000, Hiroshima hadi Tokyo 19,000. Jumla yen 58,000 kila mtu. Nikichukua yen moja kwa shilingi 16, ni kama laki tisa na elfu thelathini. Kiwango hupanda na kushuka, kiangalie tena siku ya kubadilisha.

Ukiiona 58,000 na pasi ni 50,000, utasema pasi inashinda. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Siku saba za pasi ni saba mfululizo: ukiianza Jumatatu, Jumapili usiku imekufa, upande treni usipande. Nyinyi mnakwenda Hiroshima siku ya nne na mnarudi Tokyo siku ya 15. Pasi ya siku saba haiwezi kuzishika safari hizo mbili pamoja. Ukiianza siku ya kwenda, itakufaa kwa 19,000 na kwa Kobe 20,000, jumla 39,000, kisha siku ya kurudi unakata tiketi mfukoni. Umelipa 50,000 kupata ya 39,000. Ukichukua ya siku 14 ndiyo itazishika zote, lakini hiyo ni 80,000 kwa safari ya 58,000. Hata ukiongeza treni ya kutoka uwanja wa Narita hadi mjini Tokyo, ambayo ni kama yen 3,000, bado uko mbali.

Baba watoto ana haki yake hapa, mpelekee salamu.

Kuna jambo jengine ambalo bei haikuonyeshi, na kwangu mimi ni kubwa kuliko fedha. Treni ya haraka kabisa kwenye njia ile inaitwa Nozomi. Inatoka Tokyo inafika Hiroshima moja kwa moja kwa karibu saa nne, bila kubadilisha. Mwenye pasi haruhusiwi kuipanda mpaka aongeze fedha, na kwa Tokyo hadi Hiroshima nyongeza ni yen 6,500. Asipoongeza, atapanda Hikari, treni ya njia hiyo hiyo inayosimama zaidi, na mara nyingi itambidi ateremke njiani, kama stesheni ya Shin-Osaka, atafute treni nyengine ya kumalizia safari. Anayekata tiketi ya kawaida hupanda Nozomi kwa kuzidisha mia kadhaa tu za yen. Jifikirie wewe na mdogo wako, mmeshuka kwenye stesheni msiyoijua, masanduku mawili mawili, treni inasimama dakika chache na kuondoka. Mmelipa ghali zaidi ili mpate safari ngumu zaidi. Silioni la kulitetea.

Pasi pia haiendi kila mahali. Inashika treni za JR tu. Msikiti mkubwa wa Tokyo, Tokyo Camii, uko karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, na stesheni hiyo inahudumiwa na treni za kampuni ya Odakyu na za chini ya ardhi. Kama siku zenu tatu za Tokyo zitaangukia Ijumaa na mnataka kuwahi khutba, mtalipa nauli hata mkiwa na pasi mkobani. Hiroshima nako, tramu zinazozunguka mjini, hizo hizo zitakazokupelekeni kwenye bustani ya kumbukumbu ya bomu la 1945, hazimo. Feri ya JR ya kwenda kisiwa cha Miyajima imo, na nakushauri uende maana mtu wa Pemba hawezi kufika Hiroshima asivuke bahari, lakini ni mwendo wa dakika kama kumi na nauli yake ni ndogo, si ya kukufanya ununue pasi.

Sasa naomba unisikilize vizuri, kwani hapa ndipo penye fedha yako. Umeniambia tiketi za ndege hamjalipa. Alhamdulillahi! Mwambie wakala wenu akuangalizieni tiketi ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka. Ndege nyingi za kutoka kwetu hupitia Doha au Dubai, na kote kuwili kuna ndege za Tokyo na za Osaka, uwanja unaitwa Kansai. Bei huenda ikawa ile ile au ikapishana kidogo. Mkipata hivyo, hamna haja ya kurudi Tokyo tena. Mtatoka Hiroshima siku mbili kabla ya ndege, mtashuka Kobe, mtalala hapo, mtaswali kwenye msikiti wako kwa raha zenu bila kukimbizana na treni ya kurudi, kisha mtakwenda uwanjani kwa mwendo mfupi. Kobe inakuwa njiani. Ile 58,000 inashuka: 19,000 ya Tokyo hadi Hiroshima, 10,000 ya Hiroshima hadi Kobe, na ya kufikia uwanjani haitawaumiza. Msikiti wenyewe ulifunguliwa 1935, ndio wa kwanza Japani. Ulisalimika na mabomu ya 1945 yaliyoiteketeza Kobe, ukasalimika na tetemeko la 1995. Unastahili zaidi ya saa moja ya haraka haraka.

Tumrudie mwanao. Umeandika kama kwamba kumnunulia pasi ndiyo njia ya kupanda naye. Njia ipo, na ni bora kuliko hiyo. Fedha za pasi mbili, yako na ya mdogo wako, ni yen 100,000. Chukua hizo hizo. Tiketi zenu wawili za Tokyo hadi Hiroshima ni 38,000. Mwanao naye aje Tokyo kukupokeeni na arudi pamoja nanyi, ni 38,000, lakini yeye ni mwanafunzi, na JR humpunguzia mwanafunzi asilimia 20 ya nauli ya msingi kwa safari inayozidi kilomita 100. Anahitaji cheti cha punguzo kutoka chuoni kwake, akiombe mapema. Kwa hesabu yangu yake itashuka hadi kama 33,000. Ongeza 20,000 zenu wawili za kwenda Kobe siku ya mwisho. Jumla ni kama 91,000, na mmesafiri watatu. Akitaka kukusindikizeni mpaka Kobe mtaivuka ile laki kwa kidogo, na mimi ningemlipia.

Mabehewa ya kawaida ya Shinkansen yana viti vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili. Mwambie aende dirishani akate tiketi zote tatu kwa pamoja, aombe viti vitatu vya safu moja. Tiketi hufunguliwa mwezi mmoja kabla ya safari. Asingoje, khasa kama tarehe zenu ziko karibu na sikukuu zao za mwisho wa Aprili, katikati ya Agosti au mwaka mpya, kwani siku hizo Nozomi hazina viti vya wasiokata nambari. Mlima Fuji mtauona upande wa kulia mkitoka Tokyo, yaani upande wa viti viwili. Mtaona nani amwachie nani.

Na lile jibu lake la "njoo tu" mimi silioni kama ni uzembe. Mtoto wa kiume anayeishi kwa fedha za udhamini anaona haya kumpangia mama yake matumizi. Usimuulize "ninunue au nisinunue." Muulize mambo ya kujibika: siku gani huna masomo, cheti cha punguzo utakipata lini, kutoka kwako hadi stesheni ni treni au basi. Atajibu yote, na utashangaa jinsi anavyoujua mji wake.

Mdogo wako anayeogopa mashine nimemwelewa, na khofu yake si ya kupuuzwa. Lakini pasi isingemwondolea, maana kwenye treni za chini ya ardhi angesimama mbele ya mashine zile zile. Dawa yake ni kadi ya kugusa kama Suica au ICOCA. Unaitia fedha, unagusa mlangoni ukiingia, unagusa ukitoka, nauli inakatwa yenyewe. Inafanya kazi Tokyo, Hiroshima, Kobe, kwenye treni za mjini, tramu, mabasi, hata kununulia maji dukani. Ina amana ya yen 500 inayorudishwa. Mashine zenyewe zina sehemu ya Kiingereza, na mwanao atakuwa pembeni mara ya kwanza. Kwenye Shinkansen yenyewe tumieni tiketi zenu mlizokatiwa.

Nisije nikaonekana nina chuki na pasi, nikwambie ingekufaa lini. Kama mngekuwa na wiki moja tu, mkatoka Tokyo mkaenda Hiroshima, mkapita Kyoto, mkapanda mpaka kaskazini na kurudi Tokyo, yote ndani ya siku saba, ningekwambia nunua leo. Na kama ndege ya Osaka ikikosekana na Kobe ikabaki ya kwenda na kurudi, zipo pasi ndogo za mkoa. JR ya magharibi ina moja ya siku tano inayoshika Hiroshima, Kobe, Osaka na Kyoto, chini ya yen 20,000, na hiyo Nozomi za kati ya Hiroshima na Shin-Osaka zimo. Mkiongeza Kyoto na Miyajima ndani ya siku hizo tano, inalipa. Nayo ni ya mgeni wa ziara fupi tu, mwanao hayumo.

Limebaki suala la mizigo, kwani namjua mzazi wa Pemba anayekwenda kwa mwanawe. Kwenye Shinkansen ya njia hiyo, sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake kwa pamoja vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti maalumu cha nyuma ya behewa, kinachowekwa wakati wa kukata tiketi bila malipo ya ziada. Asiyeweka hutozwa yen 1,000. Sanduku kubwa kuliko sentimita 250 halipandi kabisa. Ila Japani wana huduma ya kusafirisha masanduku: unaliacha mapokezi ya hoteli Tokyo asubuhi, na kwa kawaida kesho yake liko Hiroshima. Mwambie mwanao akutumie anwani yake iliyoandikwa kwa Kijapani, uichapishe kwenye karatasi kabla hujatoka Wete, kwani ndiyo itakayotumika kujaza fomu ya sanduku.